Mchezo wa pari: je, uwanja unapendelea farasi anayetangulia?

Katika mchezo wa pari, mpira wa miguu ndio unavuta vijana wengi wa Butembo na Beni. Lakini pembeni ya mpira kuko pia farasi. Kuko farasi wa kweli, wanaokimbia mbali kule Ufaransa, Uingereza ao Dubai. Kuko pia farasi wa kompyuta, wanaokimbia kwenye skrini na kwenye telefone kila dakika chache, usiku na mchana. Na kila pahali farasi wanapochezewa feza, utasikia shauri moja linarudiliwa: weka feza yako kwa yule anayetangulia, uwanja unamsaidia, wengine hawatamfikia.

Je, ni kweli? Kwa farasi wa kweli, katika viwanja fulani na siku fulani, ni kweli kabisa. Lakini kujua jambo hilo hakumpatii mchezaji feza kirahisi. Na kwa farasi wa kompyuta, uwanja wenyewe hauko. Haya mambo matatu yanachanganywa sana, na katika mchanganyiko huo feza ya watu inapotea. Inafaa kuyatenganisha moja moja.

Wa mbele hapati matope

Mtu anayesafiri na pikipiki kati ya Butembo na Beni, kisha mvua kunyesha, anaelewa jambo hili bila mwalimu. Pikipiki ya mbele inachagua njia: inapita pale udongo umekauka, inakwepa shimo. Ile inayoifuata karibu inapata matope machoni, haioni vizuri, na mara nyingi inalazimika kupita pahali pabaya juu pahali pazuri pamekwisha kukamatwa.

Farasi naye ni vile. Katika viwanja vya udongo na mchanga, kama vile vingi vya Marekani, miguu ya farasi wa mbele inarusha udongo nyuma. Farasi wa nyuma anaupokea kwenye uso na kifua. Wengine hawaupendi, wanainua kichwa na kupunguza mwendo. Wa mbele anakimbia na uso safi.

Jambo la pili ni kona. Anayetangulia anaweza kushika upande wa ndani, karibu na uzio, ambako njia ni fupi. Anayetaka kumpita anapaswa kutoka inje na kuzunguka. Hesabu yake si ngumu: farasi anayekimbia mita 2 zaidi kwa inje, katika kona ya nusu duara, anaongeza karibu mita 6. Kona zikiwa mbili, ni zaidi ya mita 12. Farasi mmoja ana urefu wa karibu mita 2 na nusu, kwa hiyo huyo wa inje amekimbia urefu wa farasi watano zaidi, bure. Mbio nyingi zinaamuliwa kwa urefu wa farasi mmoja ao nusu yake.

Lakini wa mbele naye analipa. Yeye ndiye anayepasua upepo, wakati wa nyuma wanajificha mgongoni mwake, sawa vile wakimbiaji wa baiskeli wanavyofanya. Na akitumia nguvu zote mapema, hatakuwa na kitu cha kumalizia. Kwa hiyo swali si kama kutangulia ni kuzuri. Swali ni kama, katika uwanja fulani, faida ya kutangulia inapita hasara yake.

Viwanja vinavyojulikana

Kuko viwanja ambavyo upendeleo wao unajulikana na kila mtu. Kimoja ni Chester, Uingereza, ambako mbio zilianza mwaka wa 1539. Ni kiwanja cha majani, kidogo sana: mzunguko mzima unapita kidogo tu kilomita 1 na nusu, na farasi wako kwenye kona karibu muda wote. Katika mbio fupi za pale, farasi aliyepewa mlango wa ndani kwenye mstari wa kuanzia, na ambaye ni mwepesi kutoka, ana faida kubwa. Aliyepewa mlango wa inje anaanza akiwa na deni.

Mfano unaofundisha zaidi ni Keeneland, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Zamani kiwanja chake cha udongo kilikuwa na sifa ya kuwapendelea farasi wa mbele na wale wa upande wa ndani. Mwaka wa 2006 wakatoa udongo, wakaweka mchanga wa kutengenezwa, uliochanganywa na nyuzi na mpira na kupakwa nta. Mambo yakageuka: farasi waliozoea kutangulia mpaka mwisho wakaanza kukamatwa karibu na mstari, na waliotoka nyuma wakapata nafasi. Mwaka wa 2014 Keeneland wakarudisha udongo. Pahali ni pale pale, na aina ya farasi ni ile ile. Kilichobadilika sana ni kile wanachokikanyaga. Kwa hiyo upendeleo wa uwanja si hadithi ya wachezaji tu.

Ufaransa kuko Vincennes, katika Paris, ambako mara nyingi farasi hawapandwi mgongoni bali wanavuta kigari chepesi. Njia kubwa ya pale inateremka kwanza, kisha inapanda. Anayetumia nguvu zake zote kwenye mteremko anaweza kukwisha kwenye mlima. Mtu aliyezoea kusukuma mzigo kwenye milima ya Butembo hatashangaa.

Karibu zaidi na kwetu ni Ngong, Nairobi, uwanja wa majani uliofunguliwa mwaka wa 1954 na unaosimamiwa na Jockey Club ya Kenya. Mbio zake zinafanyika zaidi siku ya yenga. Kwenye majani, mvua inaweza kugeuza kila kitu: upande wa ndani, uliokanyagwa mara nyingi, unakuwa laini na mzito, na wapanda farasi wenye akili wanatoka kutafuta majani mazima. Hapo ule upande mfupi haukuwa tena upande mzuri. Upendeleo wa uwanja unaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni.

Uwanja mmoja, majibu mawili

Kama uwanja peke yake ungeamua, kila mbio zingekwisha namna moja. Haziko vile.

Mtazame Kentucky Derby, mbio za kilomita 2 kwenye udongo, zinazofanyika Louisville tangu mwaka wa 1875. Mwaka wa 1988 Winning Colors, farasi jike, alitangulia toka mwanzo na hakufikiwa. Mwaka wa 2002 War Emblem alifanya vile vile. Mtu aliyekumbuka hayo angesema: Louisville, chukua wa mbele.

Kisha ikaja mwaka wa 2022. Farasi 20 walitoka kwa kasi isiyo ya kawaida. Mita 400 za kwanza zilikimbiwa kwa sekunde 21,78, mwanzo wa haraka kuliko wote katika historia ya mbio hizo. Summer Is Tomorrow, aliyeongoza pale mwanzoni, alimaliza wa mwisho. Mshindi alikuwa Rich Strike, ambaye alikuwa nyuma kabisa ya kundi, na ambaye alipata nafasi ya kukimbia siku moja tu mbele, juu farasi mwingine aliondolewa. Malipo yake yalipita mara 80 ya feza iliyowekwa. Uwanja haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba wa mbele walikuwa wengi, wakashindana wao kwa wao, wakamalizana.

Dubai, muji ambao wafanyabiashara wa Butembo wanaujua vizuri, ilionyesha jambo hilo kwa miaka miwili ya kufuatana. Kwenye udongo wa Meydan, katika mbio za Dubai World Cup za mwaka wa 2017, Arrogate alianza vibaya, akabaki wa mwisho, akapita wote na kushinda. Mwaka wa 2018, kwenye udongo ule ule, Thunder Snow aliongoza toka mwanzo mpaka mwisho.

Kwa hiyo wanaofuata farasi kwa makini hawaulizi tu kama uwanja unapendelea wa mbele. Wanauliza pia leo wa mbele ni wangapi. Akiwa mmoja tu, bila mtu wa kumsumbua, anaweza kwenda polepole, akaweka akiba ya nguvu, na hapo uwanja unamsaidia kweli. Wakiwa watano, uwanja huo huo unaweza kuwa kaburi lao.

Kujua si kupata

Hapa ndipo wachezaji wengi wanakosea. Wanafikiri hivi: nikijua kwamba uwanja unasaidia wa mbele, nitapata feza. Lakini malipo hayategemei tu kama farasi atashinda. Yanategemea pia watu wangapi wamemchagua.

Ufaransa, tangu mwaka wa 1930, pari nyingi za farasi zinapitia kwa PMU, na watu wa Abidjan, Dakar, Ouagadougou na Bamako nao wanachezea mbio za Ufaransa kwa namna hiyo hiyo. Katika mchezo huo, feza za wachezaji wote zinawekwa katika sanduku moja. Nyumba inakata sehemu yake kwanza, kisha kinachobaki kinagawanywa kwa wale waliochagua mshindi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Watu 100 wanaweka kila mmoja franga 1 000. Sanduku lina franga 100 000. Tuseme nyumba inakata 20 000. Inabaki 80 000.

Watu 10 tu wakimchagua farasi wa mbele, na akishinda, kila mmoja anapata 8 000. Tuseme uwanja unampendelea kweli, na anaweza kushinda mara 3 kati ya 10. Kwa wastani kila franga 1 000 inarudisha 2 400. Hapo aliyejua amepata.

Lakini habari inatembea. Jana wa mbele walishinda, magazeti ya farasi yameandika, kila mtu ameona. Leo watu 30 wanamchagua. Kila mmoja akishinda anapata karibu 2 667. Mara 3 kati ya 10, ni 800 kwa kila 1 000. Yaani wachezaji wamehesabu sawasawa kabisa, farasi anashinda sawa vile walivyosema, na bado wanapoteza 200 kwa kila 1 000: ile sehemu ya nyumba.

Na watu 40 wakimkimbilia, juu kila mtu anapenda kumfuata anayeonekana mbele, malipo yanashuka mpaka 2 000. Sasa kwa wastani kila 1 000 inarudisha 600. Uwanja unampendelea farasi kweli, na kumchagua kumekuwa hasara kubwa.

Hii ndiyo maana ya ile namba ya malipo ambayo vijana wanasoma kwenye tiketi. Ile namba si ahadi. Ni kipimo cha mambo ambayo watu wengine wamekwisha kujua. Upendeleo wa Chester unajulikana kila pahali, kwa hiyo farasi wa mlango wa ndani analipa kidogo. Anayepata faida ni yule anayeona jambo mbele ya wengine, kama vile mvua iliyoharibu upande wa ndani saa moja iliyopita, na aliyeko pale uwanjani kuliona. Mtu aliyeko Beni, anayetazama picha kutoka Paris, hawezi kuwa wa kwanza kuliona. Habari inamfikia wakati bei imekwisha kubadilika.

Siku moja haitoshi

Kuko mtego mwingine. Mtu anatazama mbio 6, anaona wa mbele ameshinda 5, anasema: leo uwanja unapendelea wa mbele.

Ajaribu na sarafu ya Uganda ya shilingi 500, ile inayotembea Kasindi. Airushe mara 6. Sarafu haina upendeleo. Lakini akirudilia mchezo huo mara nyingi, karibu mara 22 kati ya 100 ataona upande mmoja umetokea mara 5 ao zote 6. Yaani karibu siku moja kati ya 5, sarafu safi itaonekana kama imelogwa.

Tena, farasi bora mara nyingi ndiye anayetangulia, juu ya ubora wake. Akishinda, watu wanasifu uwanja, kumbe angeshinda hata katika shamba la mihogo. Ndiyo maana wanaochunguza mambo haya hawahesabu tu washindi. Wanatafuta farasi wa mbele ambao hawakutazamiwa kushinda, wanahesabu kama walifanya vizuri kuliko ilivyotazamiwa, na wanafanya hivyo kwa mbio mingi, si kwa alasiri moja.

Farasi wa skrini hakanyagi udongo

Haya yote yanahusu mnyama mwenye damu na pumzi. Lakini mbio nyingi ambazo kijana wa hapa anaweza kuchezea kila saa si za mnyama. Ni za kompyuta.

Katika mbio hizo, programu inachagua mshindi kwa namba za bahati nasibu. Picha ya farasi wanaokimbia inatengenezwa ili ifuate matokeo. Anayeonekana mbele kwenye kona ya kwanza hakutangulia juu ya nguvu zake, na aliyempita mwishoni hakumpita juu ya uchovu wa mwenzake. Hakuna matope, hakuna upepo, hakuna upande wa ndani. Picha ingeweza kutolewa, ikabaki orodha ya namba tu, na mchezo ungekuwa ule ule.

Kwa hiyo mtu anayeandika matokeo ya farasi wa skrini kwenye daftari, akitafuta kama namba 3 inapenda kutangulia, anafanya kazi ya uaminifu juu ya kitu kisichokuwako. Mbio za saa hii hazikumbuki mbio zilizopita. Namba iliyokosa mara 10 haina deni la kulipa.

Kitu kimoja tu kinaweza kuhesabiwa pale, nacho ni sehemu ya nyumba. Mfano: farasi 6, kila mmoja analipa mara 5. Mtu akiweka franga 1 000 juu ya kila mmoja, ametoa 6 000. Mmoja lazima ashinde, anarudisha 5 000. Amepoteza 1 000, na haikujalisha nani alitangulia. Hata malipo yakitofautiana, hesabu inafanyika namna ile ile: gawanya 1 kwa malipo ya kila farasi, jumlisha majibu yote. Jumla ikipita 1, kinachozidi ndicho kinachoilisha nyumba. Katika mfano huu jumla ni 1,2.

Mbio zikija kila dakika 3, ni mbio 20 kwa saa. Mwenye kuweka 1 000 kila mara amepitisha 20 000 kwa saa moja, na kwa wastani zaidi ya 3 300 zimebaki kwa nyumba. Kwa mwendesha pikipiki ambaye jioni anapaswa kurudishia mwenye pikipiki feza yake, ao kwa mwenye kuuza kilo chache za kakao, hiyo ni sehemu kubwa ya kazi ya siku. Siku moja atashinda, kweli, na atasimulia parkingi yote. Siku zingine hazisimuliwi.

Maswali ya kujiuliza mbele ya kutoa feza

Mtu anayeamua kucheza anaweza kujiuliza mambo machache. Farasi huyu ni mnyama ao ni picha ya kompyuta? Kama ni picha, shauri lolote la uwanja, la kutangulia ao la namba ya bahati ni maneno matupu, hata likitoka kwa mtu mwenye uzoefu, na hata likiuzwa kwenye kikundi cha telefone. Kama ni mnyama: je, jambo ninalojua, wengine hawalijui? Kama limeandikwa, limesemwa ao limeonekana kwenye picha, bei imekwisha kulihesabu.

Na inafaa kuandika kwenye daftari si namba za farasi, bali feza: leo zimetoka ngapi, zimerudi ngapi. Kisha mwezi mmoja, jumla itasema kuliko kumbukumbu. Mtu anayeona kwamba anakopa ili acheze, anaficha bibi ao bwana yake tiketi, ao anaongeza feza kila akipoteza ili arudishe zilizokwenda, aongee na mtu anayemwamini: mzazi, mukubwa wa familia, mtu wa kanisa ao wa msikiti, ao muganga wa kituo cha afya. Tabia hiyo inajulikana kwa waganga kama ugonjwa, na haiponi kwa kutafuta farasi mwepesi zaidi.